Chupa ya Lita Sita na Kifumbu cha Mwanahawa

Jumanne, 10 Juni
Imefika! Chupa ya mvinyo ya lita sita, kutoka hoteli iliyofungwa Dar, imekuja na lori, juu ya mzigo wa mabati ya duka langu, imeviringishwa kwenye godoro. Sawa na chupa nane za kawaida. Mwanyumba wangu Shedrack, aliyeoa mdogo wa mke wangu, anayo ya lita tatu. Kila sherehe huiweka mezani bila kuifungua, kama picha ya marehemu. Jumapili baba mkwe anakuja Kibiti. Duka nimelijenga mwenyewe, tangu kibanda, na bado ananiita Muuza Misumari. Chupa hii ina glasi arobaini. Ya kwanza tu, ataniita Leodgar.

Jumatano, 11 Juni
Chupa kubwa ilazwe ili kizibo kisikauke. Mahali pawe giza na baridi. Giza ninalo. Baridi, Kibiti hii? Nimeizika kwenye pipa la mchanga, naumwagia maji asubuhi na jioni. Mke wangu Kristina kauliza nazika nini. Nimesema utafiti. Inasemekana mvinyo wa chupa kubwa huzeeka polepole. Kwa nini? Nadhani mdomo ni uleule, hewa inayopenya ni ileile, mvinyo wa kuigawana ndio mwingi. Nimekaa kando ya pipa nikifikiri mpaka wateja wawili wakaondoka.

Jumapili, 15 Juni, asubuhi
Nimefukua. Baridi safi! Lebo imebaki mchangani, vipande vipande. Kizibuo kimeishia katikati ya kizibo. Nikatia skrubu ya paa, nikavuta kwa plaizi. Kizibo kimemeguka, nusu imezama, makombo yanaelea. Nimekimbia kwa jirani, Bi Mwanahawa, kuazima kifumbu, kile kikapu chembamba cha ukindu cha kuchujia tui. Kauliza nazi ngapi. Nimesema za kutosha. Nimechuja lita nne, wageni wakabisha hodi.

Jioni
Afadhali ningebaki na soda. Baba mkwe kaitazama chupa isiyo na lebo, kauliza nani kaipika. Shedrack akasogeza yake, lebo mbele. Mzee kaonja. Kafumba macho. Kasema ina tui kwa mbali, akaomba nyingine! Hapo ndipo Bi Mwanahawa alipoingia kufuata kifumbu, akakikuta kwenye kamba, chekundu.

“Jirani, hiki umechujia nini?”

Nilitaka kusema juisi ya rozela. Chupa ilikuwa mezani. Nikasema mvinyo.

“Basi kaa nacho. Jikoni kwangu hakirudi.”

Baba mkwe kasimama, kamwomba radhi kwa niaba ya ukoo mzima. Kisha kanigeukia mimi.

“Muuza Misumari, mpelekee kipya. Akikusamehe, Jumapili nitarudi tumalize chupa.”

Shedrack akaifunika yake kwa kitambaa, taratibu, kama mtoto aliyelala.

Jumatatu, 16 Juni
Nimepata kifumbu kipya kwa msusi wa Mtunda. Ukindu mweupe, kazi nzuri. Bi Mwanahawa hayupo, kaenda Utete kwa bintiye, atarudi Alhamisi. Cha zamani Kristina kakitia motoni, hataki hata kukisikia.

Zimebaki lita mbili chupani, hazijachujwa, zimejaa makombo. Mzee hawezi kunywa makombo.

Hivi ukindu ukisuguliwa kwa ndimu, rangi ya mvinyo haitoki? Ndimu ninazo. Jua lipo. Mpaka Alhamisi kitakuwa kimekauka.