Handaki Lenye Jiko na Vyumba Viwili

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Siku kubwa! Msimulizi ametangaza. Jumamosi hii kila mwenye ramani ya handaki la kuchezea ailete. Itakayoshinda, mchoraji wake ndiye atakayetuchorea mwaka mzima.

Niandike wazi, maana daftari halina mdomo: nafasi hiyo naitaka. Miaka sita nimo kwenye kundi hili. Tunakaa mezani na dadu zetu, tunajifanya mashujaa, na Msimulizi anatuambia tumeingia pango gani na nini kinataka kutula. Mmoja ni mpiga upinde, mwingine mchawi, mwingine mganga. Mimi, mchezo ukianza na ukiisha, ndiye mbeba viti.

Mpinzani ni mmoja tu. Rula. Tunamwita hivyo kwa sababu hachori mstari bila rula, hata sahihi yake imenyooka. Kabla ya kumkosoa mtu huomba samahani. Leo ameniambia samahani, lakini ramani yangu ya mwisho haikuwa na mlango.

Ni kweli. Handaki la Mauti. Vyumba ishirini na vitatu, mitego kumi, joka moja, mlango hakuna. Mashujaa walishinda nje wakigonga ukuta, na Msimulizi akaamua joka limekufa kwa njaa. Sipendi kulizungumzia.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Wazo limenijia nikipiga mswaki. Kwa nini nihangaike kubuni? Nyumba ya kweli haikosi mlango! Nitapima nyumba hii ya dada ninayoishi. Sebule iwe Ukumbi wa Mifupa. Korido iwe Ujia wa Mishale. Jiko liwe Pango la Joka. Nani atajua?

Nimeazima tepu ya kupimia ya dada. Dada ni fundi cherehani, tepu anazo tatu, hatagundua. Amegundua baada ya dakika mbili. Ameuliza nimelala kifudifudi kwenye korido nafanya nini. Nikasema nanyoosha mgongo. Akasema mgongo unaolala mpaka saa nne asubuhi hauna tena cha kunyooshwa.

Nimepima kila mahali isipokuwa choo. Shemeji alikuwemo na gazeti lake. Nimerudi baada ya saa nzima, bado yumo. Basi, pale nitapaka rangi nyeusi, mwamba mgumu. Handaki gani halina mwamba?

Jumatano, tarehe 5 Juni

Ramani imekamilika kwenye kompyuta. Nzuri mpaka nimejiogopa. Kila mraba ni inchi moja na nusu, ili kifuniko cha soda, ambacho ndicho shujaa wetu, kikae ndani bila kugusa ukuta. Kurasa kumi na sita. Zikiunganishwa kwa gundi zinafunika meza.

Nimepeleka duka la kuchapa. Mwenye duka, Mama Kopi, ameuliza nataka ukubwa gani. Nikamjibu ukubwa wowote unaofaa, mimi ni msanii, mambo ya vitufe namwachia yeye. Kosa! Mashine imepunguza kila ukurasa. Mraba umekuwa kama ukucha wa kidole kidogo. Kifuniko kimoja kinaziba mlango, na shujaa hawezi kwenda mbele wala nyuma. Nimelalamika. Mama Kopi amesema mashine imefanya ilichoambiwa, ila aliyetakiwa kuiambia alikuwa anajisifu. Amechapa upya.

Kwenye foleni nyuma yangu, nani? Rula. Amesema samahani, lakini yeye huchapa ukurasa mmoja kwanza, anaupima, halafu ndiyo anachapa zote. Nimepata jibu kali kabisa la kumpa. Nimelipata nikiwa nimeshafika nyumbani.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Siku ya kukata. Kila ukurasa una ukingo mweupe wa kuondoa kabla ya kutia gundi. Kisu kimechana ukurasa wa tatu. Wembe umenichana mimi. Ndipo nikauona mkasi wa dada, ule mkubwa wa kitambaa.

Nyumba hii ina sheria moja tu: mkasi wa kitambaa haukati karatasi. Shemeji aliwahi kufungulia nao pakiti ya biskuti. Ni mwaka wa saba sasa, na biskuti zile hutajwa katika kila ugomvi, hata ugomvi wa mapazia. Lakini kurasa kumi na sita ni nini?

Nikanogewa. Nikakata kurasa, nikakata mapipa ya karatasi ngumu, nikakata na joka zima la kadibodi, magamba moja moja. Nilipomaliza nikajaribu mkasi kwenye kipande cha kitambaa. Haukati. Unatafuna.

Hamna shida. Nimeuficha ndani ya birika bovu juu ya kabati la jikoni, mpaka nimpate mnoaji. Na kwa kuwa mimi ni msahaulifu, na Pango la Joka lilikuwa bado halina hazina, nimechora sanduku la dhahabu na alama ya X mahali hapohapo. Kazi mbili kwa mkupuo mmoja. Akili ni nywele, na mimi nimejaliwa kichwa kizima.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Dada anatafuta mkasi. Ana gauni la mteja linalotakiwa kesho jioni. Amemshuku shemeji. Amemkumbusha biskuti. Shemeji ameapa kwa kila kitu anachokijua, halafu ameingia chooni na gazeti.

Nimesaidia kutafuta. Nimetafuta kwa bidii kuliko mwenye mkasi, chini ya makochi, nyuma ya friji, mpaka dada akanionea huruma na kunipa chai na mkate. Nimeona aibu kweli. Mkate nimeumaliza. Dada ameazima kimkasi cha jirani, cha kukatia kucha za mtoto, na ameshona akiguna.

Alasiri Msimulizi amepiga simu. Dari la kwake linavuja, tutachezea wapi? Nikajitolea sebule ya dada kabla hajamaliza kusema. Nani atamnyima kura mwenyeji wake? Rula, kwisha habari yako!

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Nitaandika yote, moja baada ya jingine.

Ramani ya Rula ilitandazwa kwanza. Milango kumi na minne, yote imenyooka. Kila mtu alisema ni safi. Hakuna aliyesema la zaidi.

Kisha yangu. Shangwe! Mpiga upinde alipanda juu ya kiti ili aione yote. Mashujaa wakaingia Ukumbi wa Mifupa kwa mlango, naam, kwa mlango. Kwenye Ujia wa Mishale mganga alikufa vizuri sana. Rula mwenyewe aliinama kuhesabu milango. Nikawaza, leo ni leo, leo ndiyo mara ya mwisho kubeba viti.

Dada akaingia na sinia ya chai.

Akaitazama ramani kwa jicho la fundi. Akauliza kwa nini sebule yake imejaa mifupa. Nikasema ni handaki la mbali sana. Akaweka kidole kwenye mwamba mweusi, akawaambia wageni kwamba hapo si mwamba, hapo ni choo, na mume wake yumo. Tukasikia maji yakivutwa. Kidole kikafuata ujia, kikakata kushoto, kikafika jikoni. Akauliza hii X ni ya nini. Mchawi, mtu asiyejua kufunga mdomo, akamweleza kwamba hapo ndipo ilipofichwa hazina.

Dada akaenda. Tukasikia kigoda kikiburutwa, kisha mfuniko wa birika. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na changu nilikichimba kwa vipimo halisi. Akarudi na mkasi mkononi. Shemeji akatoka chooni, akauona, akaanza kucheka. Mpaka naandika hivi hajanyamaza.

Dada hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema tu, "Mdogo wangu, na chai yangu ukainywa." Nikatamani lile joka la kadibodi linimeze.

Halafu akavuta kiti. Akatoa chaki yake ya kitambaa, akachora choo, akafungua mlango wa nyuma niliousahau, akapanua korido kwa mraba mmoja. Rula akapima. Akasema samahani, lakini dada amepatia kila kitu, na bila rula.

Kura zikapigwa. Ramani yangu imeshinda! Kura zote! Mchoraji aliyechaguliwa, mwaka mzima, ni dada.

Nimebeba viti.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Nimemwomba dada msamaha, na shemeji pia. Nimewaambia nimejifunza. Mkasi umenolewa, sasa unakata hata hariri. Dada amenisamehe, na ramani iliyoshinda ameibandika ukutani sebuleni, kila anayepita aione.

Nimetafakari. Kosa langu liko wazi: nilipima nyumba ya watu wanaonijua. Inayofuata nitapima ya Rula. Nimeshajialika kwake kesho, tepu iko mfukoni. Leo nimeanza tu kukata karatasi za kufanyia majaribio. Mkasi ukishanolewa, ni raha tupu! Kwenye ukurasa wa tisa umeanza kutafuna kidogo, basi nimeuficha nyuma ya tangi la choo, ambako dada hawezi kufikiria. Ilibidi nimsubiri shemeji atoke.

Na nisije nikasahau, nimeweka kialama kidogo cha X kwenye ile ramani ya sebuleni.