Nani Humwita Simba Saa Kumi na Mbili?

Hapa mtaani Mbotela benchi lenye akili ni moja tu, lile lililo mbele ya kibanda cha Muturi, fundi wa viatu. Mengine yote ni mbao za kukalia. Alhamisi hiyo, kwenye saa kumi na moja na nusu jioni, tulikuwa tumekaa pale na vikombe vyetu vya kahawa, kila mtu akilalamikia serikali kwa zamu yake, mara Adoyo akatoa sauti.

Adoyo huuza omena, wale dagaa wadogo, hatua tatu kutoka benchini, na habari zote za dunia hutufikia kupitia simu yake yenye kioo kilichopasuka. Ndiyo maana tunamwita Redio.

"Sikizeni hii! Huko majuu bibi na bwana wameachana kortini juu ya paka. Ati paka alikuwa analala katikati yao. Bwana akasema paka atoke, bibi akasema afadhali wewe ndio utoke. Jaji ameamua wagawane: wiki moja paka analala kwa bibi, wiki moja kwa bwana."

"Na kitanda?" Muturi akauliza, misumari midogo imejaa mdomoni. "Kitanda imeenda kwa nani?"

"Hawajasema."

"Basi hiyo kesi haijaisha. Watakata rufaa."

Muturi tunamwita Wakili. Chuo cha sheria anakijua kwa kukipita tu, lakini amewahi kushtakiwa mara tatu na mara zote tatu akarudi nyumbani siku hiyo hiyo, na hapa benchini hiyo ni digrii.

"Hizi ni siku za mwisho," akasema Naftaly. Naftaly ni dereva wa lori la maji na shemasi wa kanisa, kwa hivyo jina lake hapa ni Bishop. "Mungu alimwambia Adamu awape wanyama majina. Alimwambia alale nao?"

"Na Nuhu je?" Adoyo akamrukia. "Si alilala nao wote mle ndani, mpaka nyoka?"

"Nuhu alikuwa amejenga vyumba! Kila mnyama na keja yake."

"Ulikuwa caretaker, ama umejuaje?"

Tukacheka. Aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote ni Munyao. Munyao ni mchonga vinyago, na kwa kuwa huchonga simba peke yake kwa ajili ya maduka ya watalii, jina lake ni Simba. Hata siku hiyo alikuwa na mmoja mapajani, akimpiga msasa polepole.

"Huo ni ujinga!" akasema. "Mwanaume mzima unang'ang'ania kitanda na nyau? Kitanda umenunua mwenyewe? Paka mahali pake ni jikoni. Ashike panya, apewe makombo, alale kwa gunia. Akijaribu kupanda kwangu ni kiatu!"

Kahawa ikanipalia. Nilikohoa mpaka Bishop akanipiga mgongoni mara mbili.

Niseme ukweli wangu hapa, maana siwezi kuendelea na hadithi huku nimeubana. Mimi, ambaye hapa huitwa Karani, ni jirani wa Munyao ukuta kwa ukuta, na kuta za Mbotela zinasikia. Miezi mitatu sasa mkewe, Wavinya, yuko Makueni akimuuguza mama yake aliyevunjika mguu. Panya walipoanza kutafuna vinyago, Munyao alikwenda Mukuru kwa Njenga, akapewa paka na mlinzi wa godauni. Paka mweupe mwenye madoa ya kahawia na uso wa mwalimu wa zamu. Munyao akamwita Teresiah, kwa sababu anafanana, anasema, na mwalimu aliyemchapa darasa la nne.

Teresiah hajashika panya hata mmoja. Panya akipita, yeye humtazama tu kama anayetazama habari za saa tatu. Alichoshika ni kitanda. Hulala katikati, amejinyoosha kwa upana, na kichwa chake kiko kwenye mto wa Wavinya, ule wenye kitambaa alichokifuma kwa mkono. Munyao hulala pembeni, mguu mmoja chini. Kila alfajiri namsikia ng'ambo ya ukuta akibembeleza: "Teresiah, songa kidogo. Kidogo tu. Basi, pole." Chakula ni omena, saa kumi na mbili kamili jioni. Munyao akichelewa, hukwaruzwa.

Aliniapisha nisimwambie mtu. Wavinya ana sheria moja tu ya nyumba, na aliitangaza siku ya harusi: mnyama halali kwangu isipokuwa wewe. Alikuwa arudi Jumapili, na Munyao alikuwa amesema Jumamosi atampeleka Teresiah alikomtoa. Alikuwa amesema hivyo pia Jumamosi iliyopita, na ile nyingine kabla yake.

Hapa benchini sasa, kwa miezi mitatu, Munyao huondoka saa kumi na mbili. Simu hulia, naye huinuka. "Mama Mwongeli ananiita," yaani Wavinya. Alisema mkewe ana mguu mbaya, hatoki nje. Watu wakaamini, wakamcheka kwamba amekaliwa chapati, kwamba mke ndiye anayeshika usukani. Naye alikubali chapati hiyo. Mwanaume kuamrishwa na mke ni mambo ya kawaida, hata Bishop yamemfika. Lakini kuamrishwa na paka, hapana.

"Simba, usiseme sana," Wakili akamwambia. "Wewe hata bila paka umeshakaliwa. Saa hii tunangoja tu firimbi."

"Mimi naenda nyumbani nikitaka!"

Simu ikalia. Saa kumi na mbili kamili.

Ile haikuwa simu ya mtu. Ilikuwa kengele aliyoitega mwenyewe. Mimi nilijua, kwa sababu nilimsaidia kuitega. Lakini Munyao aliiweka sikioni kwa heshima zote, akageuza uso pembeni.

"Ndio, Mama Mwongeli. Nakuja sasa hivi. Usikasirike, mama. Najua una njaa. Ndio, nakuja."

Na mimi nikamwona Wavinya, siku tatu kabla ya siku yake.

Alikuwa amesimama nyuma yake, hatua mbili hivi, vumbi la safari usoni na gunia dogo la mbaazi begani. Nilitaka kumkonyeza Munyao, lakini uso alikuwa ameugeuza. Nilitaka kukohoa, lakini kikohozi nilikuwa nimekimaliza chote dakika kumi zilizopita.

"Unaongea na Mama Mwongeli gani?" Wavinya akauliza.

Munyao akaganda na simu sikioni. Kengele ikaanza kulia tena, pale pale sikioni.

Adoyo ndiye aliyemtambua, akaruka kwa furaha. "Mama Mwongeli! Karibu! Aki umepona mguu?"

"Mguu gani?"

"Si Simba alisema una mguu mbaya, hutoki? Ndio anakimbia kila jioni ukimwita."

"Mguu ni wa mama yangu. Na mimi nimekuwa Makueni miezi tatu."

Wakili akatoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, akaipanga kwenye meza yake.

"Mama," akasema kwa sauti ya kortini, "mimi sipendi kuingilia maneno ya nyumba za watu. Lakini kama unataka mashahidi, wako."

"Wakili, nyamaza," Munyao akasema.

"Mshtakiwa asiongee. Redio, anza."

"Mimi siongezi chumvi," Adoyo akasema, mkono kifuani. "Ananunua omena kila siku ya Mungu. Mtu mmoja! Na juzi nilimpimia zile za chumvi, akarudi mbio, akasema nibadilishe, Teresiah hapendi chumvi."

"Teresiah?" Wavinya akashusha gunia.

"Na Jumapili nilimuuliza mbona hakuja ibada," Bishop akaongeza, kwa uchungu wa mtu anayefurahia. "Akaniambia hajalala wiki nzima. Ati anasukumwa, hana hata nafasi ya kugeuka. Nikadhani ni wewe, dada, nikakuombea upungue!"

"Mimi?"

"Na shingo! Mama, angalia shingo!" Adoyo akadakia.

Wote tukatazama shingo. Mikwaruzo mitatu, mibichi, imepangana vizuri.

Hapo ndipo nilipoona jambo lililoniudhi. Wale watu waliomcheka miezi mitatu walikuwa wanamtazama Munyao kwa heshima. Wakili alitikisa kichwa na kunong'ona, "Kumbe Simba ni simba kweli." Hata Bishop alikuwa amekaa wima. Na Munyao aliiona heshima ile, nikamwona akiipima. Angenyamaza tu, angekuwa mfalme wa benchi hili mpaka kifo, lakini mkewe angebeba gunia lake la mbaazi arudi nalo Makueni.

"Baba Mwongeli," Wavinya akasema. "Teresiah ni nani?"

Munyao akanitazama. Mimi nikatazama kahawa.

"Ni paka," akasema chini chini.

"Sema vizuri."

"Teresiah ni paka! Ni nyau! Ako na mkia!"

Benchi likapasuka kwa kicheko.

"Buda, hiyo haitasimama mbele ya jaji yeyote," Wakili akasema. "Paka gani anachagua chumvi?"

"Tubu tu, ndugu yangu," Bishop akasihi. "Usiongeze dhambi ya uongo juu ya hiyo nyingine."

"Hamniamini? Angalieni anavyolala!" Munyao akamwinua yule simba wake hewani.

Simba alikuwa amelala chali. Miguu mitatu juu, tumbo nje, wa nne umefunika jicho. Tulikuwa tumekaa naye jioni nzima, na hakuna aliyemwangalia vizuri.

"Ngai!" Wakili akasema.

"Ndio maana yule mteja wa duka la watalii alirudisha simba sita!" Adoyo akapiga makofi. "Alikuja hapa akilia, ati aliagiza simba wa kunguruma, akaletewa simba wa kungoja chakula!"

Wavinya akalichukua gunia lake. "Twende nimwone kwa macho yangu."

Tulienda wote. Hata Wakili alifuata, ameshika kiatu kimoja cha mteja mkononi, na kibanda amekiacha wazi. Mtu akihitaji kujua uzito wa jambo hapa kwetu, aulize kama Muturi aliacha kibanda.

Munyao akafungua mlango. Teresiah alikuwa kitandani, katikati, kichwa kwenye ule mto wa kitambaa cha kufumwa. Alitutazama mmoja mmoja bila haraka. Alipomfikia Munyao, akatoa mlio mmoja mfupi.

"Nakuja, nakuja, pole, nimechelewa," Munyao akasema, kwa ile ile sauti ya kwenye simu. Nafikiri hata hakujua kwamba amesema.

Wavinya akaweka gunia chini mlangoni.

"Angekuwa mwanamke, ningejua la kufanya," akasema. "Mwanamke ukimwambia toka, anatafuta viatu vyake anatoka. Huyu ananiangalia ni kama mimi ndio nimeingia kwake bila hodi."

"Mama Mwongeli, naapa Jumamosi namrudisha."

"Kwa nini ulimpandisha kitandani?"

Munyao akapangusa vumbi la mbao mikononi, ingawa halikuwapo. "Nyumba ilikuwa kimya. Nikirudi, hakuna mtu wa kuniuliza nimetoka wapi. Huyu alikuwa ananiuliza."

"Si ungenipigia?"

"Wewe una mama mgonjwa. Ningekuambia nini? Ati mimi mzee mzima nimeshindwa kulala peke yangu?"

Mimi ni mtu wa maneno makali, lakini pale nilimhurumia, na nikajilaumu kwa kumcheka ukutani miezi mitatu. Bishop alivua kofia. Wavinya akaenda mpaka kitandani, akakaa pembeni, akapangusa macho kwa ncha ya leso, na Munyao akakaa kando yake.

"Songa," Wavinya akamwambia paka.

Paka hakusonga. Munyao ndiye aliyesonga.

Tukaondoka taratibu, kila mtu na njia yake, na Wakili akakumbuka kibanda akaanza kukimbia.

Jumamosi ikaja, ikapita. Hatukuona mtu akibeba paka kwenda Mukuru. Jumatatu Munyao akarudi benchini, na unajua vile sisi tulivyo, huruma yetu haivuki wikendi.

"Karibu, mume wa Teresiah!"

"Simba wa omena!"

"Nilisema paka ni jikoni," Wakili akamwiga, "akipanda ni kiatu! Leo umekuja na viatu, ama Teresiah amelalia?"

Munyao akakubali yote. Akakaa, akatoa kipande cha mti, akaanza kuchonga. Ikafika saa kumi na mbili. Simu haikulia. Akaichomoa mfukoni, akaitazama, akairudisha. Ikafika na dakika kumi. Akaichomoa tena.

"Vipi, leo hujaitwa?" Adoyo akamuuliza.

"Mama Mwongeli yuko. Anamlisha yeye." Akanywa kahawa iliyokwisha. "Ni vizuri. Sasa niko free. Naweza kukaa hapa mpaka hata saa mbili."

Alisema hivyo kwa uso wa mtu aliyefiwa. Hata Bishop, aliyekuwa na utani mwingine tayari, akaumeza.

Saa kumi na mbili na robo simu ikalia, na safari hii ilikuwa simu ya kweli, maana Munyao aliitazama kwanza kabla ya kuiweka sikioni.

"Haloo? Ndio. Zimeisha? Zote? Ndio, nipo hapa kwa Adoyo. Bila chumvi, najua. Nakuja."

Akainuka, kipande cha mti kwapani, akanyoosha mkono apimiwe omena.

"Haya, leo ukweli," Wakili akamwambia. "Nani anakuita?"

"Wote wawili," Munyao akasema, akaondoka mbio kuliko siku zote.