Bahasha ya Muuaji

Jumapili, 8 Oktoba 1972

Chakula cha mchana kwenye sinia, chumbani, peke yangu. Miaka kumi sasa tangu nipange hapa Scarborough, Uingereza. Kule chini Bwana Pickersgill anakula mezani kwa Bibi Entwistle, mwenye nyumba. Kicheko chake kinapenya sakafu.

Sababu naijua. Kila Jumamosi wapangaji hukusanyika sebuleni kutazama kisa cha mauaji kwenye televisheni. Kila wiki kisa kipya, watu wapya. Na kila wiki Pickersgill, karani mstaafu wa reli, humtaja muuaji kabla ya polisi. Mezani hukaa anayejua. Jana aliniambia, "Mwalimu, hata paka kajua ni yule mjane." Nilifundisha jiometri kwetu Poland, mjini Lwów, kabla ya vita. Sikuzoea kushindwa na paka.

Jumanne, 10 Oktoba

Nimepata njia. Tadek, mwenzangu wa jeshini, anaishi Carlisle. Kituo cha televisheni cha kwao huonyesha visa hivyo Alhamisi, siku mbili kabla ya chetu. Nilimpigia kutoka kibanda cha simu. Akauliza kama naumwa. Nikasema ni suala la heshima. Akasema basi naumwa kweli. Amekubali.

Ijumaa, 13 Oktoba

Tadek kanitajia: mpiga kinanda wa kanisa. Alimtilia kasisi sumu kwenye divai. Nimeandika, nikaifunga bahasha kwa nta. Wakati wa chai nikamkabidhi Bibi Entwistle mbele ya wote, aifungue kesho kisa kikiisha. Pickersgill akauliza kama ni wosia. Bibi aliniangalia kwa muda. Dalili njema.

Jumamosi, 14 Oktoba

Kisa cha leo: mnara wa taa katikati ya bahari. Walinzi watatu, dhoruba. Nikangoja kanisa. Dakika ya ishirini, hakuna kanisa. Nikajipa moyo kwamba watashuka pwani. Hawakushuka. Mlinzi mmoja alimsukuma mwenzake ngazini, kama Pickersgill alivyokwisha kusema.

Bibi akafungua bahasha, akasoma taratibu: mpiga kinanda wa kanisa, kwa sumu.

"Alifikaje, Mwalimu?" akauliza Pickersgill. "Kwa kuogelea, kinanda mgongoni?"

Walicheka mpaka Bi Hobday wa chumba cha pili akaletewa maji. Nikapanda kulala.

Jumapili, 15 Oktoba

Nimempigia Tadek. Eti kila kituo hupanga visa kivyake. Cha mnara kwao kilipita Agosti. Hakuona haja ya kunieleza.

Saa saba Bibi Entwistle akabisha hodi, mikono mitupu. Nyama ya kuokwa inatosha watatu, nishuke. Nikamuuliza nimeshinda nini. Akasema hakuna cha kushinda. Pickersgill alishuka tu siku moja, akavuta kiti, akakaa. Kiti cha tatu ki wazi miaka yote. Yeye alidhani napenda upweke wangu. "Njoo bwana, mchuzi unapoa."

Mwanamke muungwana. Kabuni hadithi nzima ili kunifichia aibu. Nikamshukuru, nikasema nitashuka siku nitakayostahili. Alisimama mlangoni kidogo, kisha akaenda kuniletea sinia.

Nyama ilikuwa imepoa. Nimemwandikia Tadek anitajie wauaji wote tangu Agosti, kwa mpangilio.