Kiraka kwa Jina la Mke Wangu

Jumatatu, 4 Machi
Mke wangu bado yuko kwa dada yake. Nilisahau kumpokea kituoni, akalowa mvua pamoja na mizigo. Nilikuwa kazini nasaka hitilafu. Simu zangu hapokei. Nimemkumbuka mno.

Jumanne, 5 Machi
Nimepata mpango! Hitilafu yenyewe iko kwenye kiini cha mfumo wa kompyuta, upande wa mtandao. Programu ikiuliza jambo, kiini huchukua kisanduku cha kumbukumbu, hukijaza majibu na kukituma. Ila hakikisafishi kwanza. Mabaki ya watu wengine, pengine hata maneno yao ya siri, yanatoka nacho. Nitaandika kiraka cha kuziba, nikitume kwa jina na anwani ya mke wangu. Naye huandika programu. Sifa zitamlainisha.

Jumatano, 6 Machi
Nimeweka sifuri katika kila chumba cha kisanduku, kimoja kimoja. Nimetuma. Jirani yangu wa meza, tunayemwita Miwani, kaniuliza kama nimepima. Nikamwambia ashike lake. Kijicho tu.

Alhamisi, 7 Machi
Nimekwisha. Msimamizi wa msimbo, anayekagua viraka vyote vya kiini, kajibu mbele ya kadamnasi. Kumbe kati ya chumba na chumba kuna mianya, sikuigusa, na bado inavujisha. Kamwonya mwandishi asitume tena kitu asichokipima. Mwandishi ni mke wangu! Hajawahi kutuma hata salamu bila kuisoma upya. Nikajifungia chooni. Miwani akaja kuuliza mlangoni kama nahitaji maji.

Ijumaa, 8 Machi
Jioni karudi na mizigo yake. Barua ya msimamizi ilikuwa imemfikia. Nikangoja kimbunga. Akaketi kando yangu, akafuta sifuri zangu zote, akaandika mstari mmoja: kisanduku kizima kisafishwe kabla ya kujazwa. Tukapima pamoja. Hakivuji. Akamweleza msimamizi kwamba kiraka cha kwanza kilikuwa cha mumewe. Kisha akaniambia alikuwa akingoja samahani tu, nami nimeizunguka wiki nzima. Nikaisema. Akanishika mkono, akauliza tule nini. Nampenda sana mwanamke huyu.

Jumapili, 10 Machi
Habari za kituoni zimemfikia mama mkwe. Kanuna. Mke wangu kaniambia nimpigie simu, nimwombe radhi, yaishe. Wazo zuri, lakini mimi nina bora zaidi. Nimeona kisanduku kingine kisichosafishwa. Mama mkwe hajawahi kugusa kompyuta, ila jina lake litapendeza sana juu ya kiraka.