Waranti ya Gari la Bibi Harusi

Jumatatu, 8 Novemba 1999

Limefika! Gari la umeme, langu mimi, Munyoki wa Bongwe. Hoteli moja ya Diani imefunga uwanja wake wa gofu na kuuza vifaa. Wenzangu walikimbilia magodoro. Mimi nikachukua gari. Viti vinne, paa jeupe. Halinywi petroli. Halipigi kelele. Chini ya kiti betri sita, na mkononi mwangu karatasi ya waranti: miaka mitano! Mitatu tu imepita. Ndolo, mtunza stoo wa hoteli, ameniapia kwamba likijazwa umeme linatembea kutwa.

Mchana nikaenda kwa jirani, Mzee Seifu. Shikamoo, marahaba, kahawa. Binti yake Waridi anaolewa Jumamosi na Ubeid wa Kinondo. Mangi ndiye aliyekuwa ameahidiwa kazi ya kumpeleka bibi harusi kwa pikapu yake, ile ile inayobeba nazi siku nyingine zote. Nikamwuliza Mzee kama kweli anataka mwanawe afike kwa mume akinuka mbata. Akafikiri. Akachagua langu. Mangi kwisha!

Harusi hii ikienda vizuri, kila bibi harusi kutoka Ukunda hadi Msambweni ni wangu. Wa kubeba, namaanisha.

Jecinta, mke wangu, akauliza umeme tutautoa wapi ilhali sisi tunawasha taa ya chemni. Jecinta hupenda vijambo vidogo. Nimekwisha kuongea na Mbodze mwenye mashine ya unga. Gari linalala kwake, kwenye umeme.

Jumanne, 9 Novemba

Majaribio. Mshale wa betri umejaa hadi mwisho. Nikatoka kwa Mbodze nikipunga mkono kama waziri. Nikapita shule, nikapita msikiti. Watu wakasimama kutazama. Raha iliyoje!

Kabla ya kufika barabara ya lami mshale ukaanguka kwenye nyekundu. Gari likapunguza mwendo, likapumua, likasimama. Nikashuka na kujifanya nakagua tairi. Mangi akapita na pikapu yake, akaniuliza kwa upole kama gari langu liko kwenye saumu.

Tukalisukuma hadi nyumbani, Jecinta na mimi. Mimi sina wasiwasi. Betri zimechoka, basi. Waranti ni ya nini kama si ya betri zilizochoka? Kesho nitaletewa mpya sita na kuombwa radhi.

Jumatano, 10 Novemba

Nimevuka Likoni kwenda kwa wakala wa magari haya, Mombasa. Pale mezani dada mmoja, Kaindi. Mkamba mwenzangu! Nikamsalimu kwa Kikamba, kwa tabasamu. Akanijibu kwa Kiswahili, bila tabasamu.

Akageuza karatasi yangu. Kumbe nyuma nako kuna maandishi. Akaeleza kwamba kila betri hupungua nguvu kadiri inavyotumika, kama godoro linavyobonyea, na hilo si kosa la mtu. Waranti hailipi uchovu. Hulipa kosa la kiwanda: kasha lililopasuka lenyewe, au betri iliyokufa kabla ya wakati wake. Hata hivyo sharti iwe imetiwa maji ya betri, si ya kisima, na isiwe imeachwa miezi bila chaji. Tena hulipwa mnunuzi wa kwanza. Tena betri ni mwaka mmoja tu.

Nikamwuliza basi hiyo miaka mitano ni ya nini. Akasema ya chasisi.

Nikamwambia chasisi ni nzima kabisa. Akafurahi kusikia.

Safari haikuwa bure. Nimeondoka na neno moja tu kichwani: kasha lililopasuka.

Alhamisi, 11 Novemba

Asubuhi nimeisaidia betri moja kupasuka. Nyundo, pigo moja la kistadi, nyuma ya choo ili Jecinta asione. Nikaifunga kwenye gunia, nikaibeba begani. Ni nzito kama mkwe aliyelala. Nikavuka tena.

Kaindi akafungua gunia. Akalitazama kasha. Kisha akaitazama suruali yangu. Nami nikaitazama. Asidi ilikuwa imenitoboa kuanzia kiunoni hadi gotini, na suruali ilikuwa ya harusi.

“Kiwanda hakiachi alama ya nyundo, baba,” akasema.

Akanipa leso nijifunike. Moyo mzuri anao. Nimerudi Bongwe kwenye gari la betri tano, na leso ya maua kiunoni. Mbele ya watu nimesema ni zawadi.

Ijumaa, 12 Novemba

Betri tano hazisogezi gari hata shubiri. Kesho ndiyo harusi. Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nimekwenda kwa Mangi.

Nikamweleza kwamba kwa kuwa kesho pikapu yake haina kazi, betri yake nayo haina kazi. Akaifungua mwenyewe na kunipa, akasema ni kwa ajili ya Waridi, si kwa ajili yangu. Mshamba, lakini ana adabu.

Betri ya pikapu ina nguvu kuliko ile niliyoipasua. Nilipoitia, gari likaruka kama mbuzi! Nimelichaji kwa Mbodze mchana kutwa. Kuna harufu kidogo. Si kitu.

Jumamosi, 13 Novemba

Waridi akapanda, amefunikwa, mikono yote hina. Shangazi yake, Bushra, kando yake na chetezo cha udi. Wanawake nyuma kwa miguu, wanaimba. Mzee Seifu ndani ya kanzu mpya. Tukaondoka. Kimya! Laini! Nikasikia watu wakisema, “Gari hilo ni la Munyoki.”

Njiani Bushra akauliza ni nani aliyekula mayai mabovu. Nikasema ni upepo wa baharini. Akaongeza udi.

Tulipoyaona makuti ya Kinondo, gari likakohoa. Moshi ukatoka chini ya kiti. Bushra akaruka na chetezo chake. Gari likasimama katikati ya njia, jua la utosi, nyimbo zikakatika. Hapo, nakiri, niliona haya. Huyu Waridi tangu mdogo alikuwa akija kwetu kuchuma mapera.

Mzee Seifu akaagiza kwa sauti pikapu ya Mangi iletwe mbio. Mangi, aliyekuwa akitembea na wageni, akakohoa kidogo.

“Mzee,” akasema, “pikapu iko chini ya kiti cha binti yako.”

Sitaandika alichosema Mzee Seifu.

Nikavua viatu nikaanza kusukuma. Mangi akasukuma. Usukani haukuwa na mtu, basi Waridi akasogea, akaushika kwa mikono yake ya hina. Kule mbele, watu wa bwana harusi wakaona moshi wakaja mbio, Ubeid mwenyewe mbele, kilemba mkononi. Akauliza kuna nini. Mkewe akafunua uso.

“Sukuma vizuri,” akamwambia. “Mimi si gunia la muhogo.”

Vigelegele! Ubeid akainama, akasukuma, akicheka hadi machozi. Waridi akalipeleka gari hadi mlangoni bila kugusa mnazi hata mmoja.

Baadaye Mzee Seifu alinivuta kando. Akasema mwanawe amefika akicheka, kwa hiyo yale maneno mengine atayaacha. Ila gari lile asilione tena.

Kwa hesabu yangu, harusi imefana. Na petroli hatukutumia hata tone.

Jumapili, 14 Novemba

Betri ya Mangi haiwashi hata taa. Nikamweleza kwa subira kwamba betri hupungua nguvu kadiri inavyotumika, kama godoro. Akasema yeye aliinunua mwezi uliopita. Nikamwuliza kama aliisoma karatasi nyuma.

Jecinta akaniambia niingie ndani. Nilipotoka mambo yalikuwa yamekwisha: Mbodze amelichukua gari, wateja wa unga wapate pa kukaa kivulini, na kwa bei yake Mangi ananunuliwa betri mpya. Nikamhakikishia Mbodze kwamba chasisi bado ina waranti.

Jumanne, 16 Novemba

Habari kubwa! Nimetoka Shimoni. Kuna bwana mmoja, Chome, anauza friji kubwa la mafuta ya taa, la kugandisha samaki. Limetumika kidogo tu, na kutu ni ya nje. Wavuvi wote wa pwani hii watanihitaji. Nimekubali papo hapo, maana friji hili halina waranti ya mwaka, wala ya miaka mitano. Lina waranti ya maisha!

Maisha ya nani, sikuuliza.