Okumu Atasimama Mbele

Jumatatu, 4 Agosti 2008

Mchungaji ametangaza! Jumatano kuna majaribio ya mwimbaji. Hatimaye. Tangu Januari, Moto wa Karmeli, bendi ya roki ya vijana wa kanisa letu, haina mdomo. Ng'ang'a alikuwa anaimba mpaka madirisha yanatetemeka. Halafu vurugu za uchaguzi zikaja, nyumba yao kule Yamumbi ikachomwa, na sasa wanaishi kwa hema Nakuru. Mtoto alikuwa anakula kwangu kila Jumamosi. Mpaka leo napika chapati zinabaki.

Jumamosi hii ni ibada ya amani uwanjani. Watakuja watu wa kila upande. Na Okumu wangu atakuwa wapi? Kando, na gita lake! Anapiga gita kuliko mtu yeyote kutoka hapa mpaka Kisumu, hilo nimewaambia watu wote. Lakini sikuzaa mtoto asimame kando. Nimemwambia ataimba yeye. Akasema, Mama, mimi sina sauti.

Unyenyekevu! Alipozaliwa alilia mpaka nesi akatoka wadi nyingine kuja kumwona. Mzee Ogola, baba yake, anasema nesi alikuja kulalamika. Huyo mzee hajui muziki.

Jumanne, 5 Agosti

Mazoezi alfajiri, nyuma ya nyumba. Tangawizi, asali, ndimu. Nikamwambia aimbe wimbo wa Ng'ang'a, ule wa kupiga kelele. Akaimba. Jirani akachungulia juu ya ua, akauliza kama kuna mgonjwa. Wivu tu.

Habari mbaya kutoka kwa Mama Nyongesa, ambaye kijana wake anapiga ngoma kwa bendi na yeye anajiona kama amezaa malaika. Ati kuna msichana anaitwa Chepkoech, ametoka Ainabkoi, na akiimba hata watoto wa Sunday school wananyamaza. Akaniuliza, kwa tabasamu, kama Okumu bado anajaribu.

Nimekaa na cherehani yangu nikifikiria. Kila mwimbaji anajua maziwa yanaleta kohozi kooni. Na hapa Eldoret, mtu akikukaribisha na mursik, yale maziwa ya kibuyu ambayo watu wa kwao msichana wanawapa wakimbiaji wakitoka Ulaya na medali, unaweza kukataa? Huwezi. Ni kama kutema mate kwa mlango wa mwenye nyumba.

Mungu alinipa kichwa. Shule nilifika darasa la saba tu, lakini kichwa alinipa.

Jumatano, 6 Agosti

Siku mbaya. Naandika nikiwa nimefunga kichwa na leso.

Nilifika kanisani mapema na kibuyu kikubwa. Nikasimama mlangoni kama waziri. Chepkoech alipokuja nikamwambia, karibu binti yangu, hii ni heshima, kunywa. Akanishukuru kwa mikono miwili. Akanywa kikombe chote bila kupumua. Akapangusa mdomo, akauliza kwa adabu kama kuna kingine. Ati kwao hawezi kuimba bila hiyo! Amekuwa akinywa kabla ya kuimba tangu akiwa mdogo.

Halafu mke wa mchungaji akaona kibuyu. Akasema ni jambo zuri sana, mama Mjaluo kuleta mursik, hiyo ndiyo amani yenyewe, na vijana wote wanywe pamoja. Akaanza na nani? Okumu! Nikampa ishara na macho. Nikakohoa. Nikatikisa kichwa mpaka shingo ikalia. Lakini nimemlea vizuri huyo mtoto, hakatai cha mkubwa. Akanywa. Akaongezwa. Akanywa tena.

Alipofungua mdomo kuimba ilitoka sauti ya mlango wa stoo. Halafu kikohozi. Halafu mlango tena. Nikapiga makofi. Nilikuwa peke yangu.

Chepkoech akaimba. Sitaki kuandika.

Sawa, naandika. Nililia kidogo.

Alhamisi, 7 Agosti

Wamemchagua msichana. Na si hayo tu! Sauti yake iko chini, haipigi kelele, kwa hivyo wamepunguza ngoma, wamezima lile gita lingine la kunguruma, wanaimba pole pole. Roki gani hiyo? Miaka miwili nimewapigania kwa wamama wa kanisa waliosema roki ni ya shetani. Nilisema kelele ile ni ya mbinguni! Sasa wananong'ona.

Mama Nyongesa alipita hapa kushona zipu. Zipu ilikuwa nzima.

Nikampigia Ng'ang'a. Mpango wangu: awaambie bendi kwamba nyimbo zake anamwachia Okumu. Nani atamkatalia mtu aliye hemani? Nikamweleza. Akacheka mpaka nikasikia mamake akimuuliza kuna nini.

Akasema, Mathe, mama yangu, Okumu hajui kuimba. Ati tangu shule ya msingi alikuwa anasimama karibu naye kwa kwaya akichezesha midomo tu. Zile shangwe zangu zote siku ya wazazi nilikuwa nashangilia midomo!

Akasema tena kwamba ni Okumu mwenyewe aliyemtafuta Chepkoech. Aliogopa nyimbo za rafiki yake zitakufa. Kila jioni alikuwa akipiga simu Nakuru, Ng'ang'a anaimba pole pole kule, msichana anashika huku. Kumbe salio langu la simu lilikuwa linaenda huko.

Nikamuuliza atarudi lini. Akasema mama yake hataki hata kusikia jina Eldoret. Halafu akauliza kama bado napika chapati za Jumamosi.

Machozi yalinimwagika. Ni vitunguu. Nilikuwa karibu kukata vitunguu.

Jumamosi, 9 Agosti

Uwanja umejaa! Wamama wa Cheptiret, watu wa kina Chepkoech, na vitambaa vyao upande mmoja. Wale wachache waliorudi Yamumbi upande mwingine, katikati nyasi tupu. Mtu anasalimia na kidevu.

Okumu akaanza peke yake. Hakuna ngoma, hakuna kelele. Vidole tu, gita likiongea kama la wazee wa ziwani, lakini kwa wimbo wa Ng'ang'a. Kisha Chepkoech akaingia chini, chini, na nikayasikia yale maneno kwa mara ya kwanza. Miaka miwili Ng'ang'a aliyapigia kelele na sikujua yanasema nini. Yanasema, unirudishe nyumbani.

Mama mmoja wa Yamumbi akaanza kuimba. Wa Cheptiret wakaitikia. Hakuna aliyevuka zile nyasi, sitadanganya. Lakini waliimba wimbo mmoja.

Nikasimama nikawaambia walio nyuma: huyo wa gita ni mtoto wangu. Nikawaambia walio mbele. Shemasi akaniomba nikae. Nikamwambia na yeye.

Mama Nyongesa alikuwa akihesabu kwa vidole. Ngoma ya mwanawe ilisikika mara nne hivi.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya ibada Okumu alinishika mkono. Akasema, Mama, tafadhali. Mimi ni wa gita. Usinitafutie kitu kingine. Nikamtazama, nyathina, mtoto wangu, mrefu kama baba yake. Nikaahidi. Nikamwambia nimeelewa kabisa. Tukakumbatiana.

Nilipotoka nje nikakutana na mama yake Chepkoech. Mtu mzuri sana. Ananiambia msichana ameomba nafasi ya chuo, wanangoja jibu, anaweza kuitwa wakati wowote.

Wakati wowote!

Jioni hii nimepeleka ombi kwa kikundi cha maombi cha wamama. Sijamwombea mtu mabaya. Nimeomba binti yetu afaulu. Afaulu sana. Aitwe mbali. Mama mmoja akasema si hata hapa Eldoret kuna chuo kikuu kizuri, atakuja kuimba akitokea bweni. Nikamwambia aache kumwekea Mungu mipaka. Nimetaja Kanada.

Tunafunga kuanzia kesho.