Seva ya Ukoo, Watu Watatu kwa Zamu

Jumatatu, 9 Februari
Jumamosi umoja wa ukoo wetu hapa Mwanza unachagua katibu mpya. Atakuwa mimi. Mpinzani ni mmoja tu, Nestory, mtoto wa baba mdogo, fundi simu wa Igoma. Sera yake ni kundi la WhatsApp. Kundi! Mimi nimewajengea wanaukoo tovuti: picha, video za harusi, mihtasari ya vikao. Seva ni kompyuta yangu mwenyewe, ipo sebuleni kwetu Buswelu, pembeni ya runinga. Mfumo wake ni toleo la nyumbani, lile la bei ya chini. Muuzaji alinionya kwamba halikutengenezwa kwa kazi ya seva. Nikamjibu kuwa seva yangu inakaa nyumbani, kwa hiyo toleo la nyumbani ndilo lenyewe. Akaniandikia risiti.

Jumanne, 10 Februari
Nimewatumia kiungo wanaukoo wote thelathini na mmoja. Watatu wakaingia, wakasifu. Wa nne akakuta ukurasa mweupe. Wa tano vilevile. Ikabidi nisome maelezo ya mfumo, kwa mara ya kwanza. Toleo la nyumbani linahudumia watatu kwa wakati mmoja, basi. Nestory kaandika kwenye kundi lake kwamba labda tovuti imeshiba. Kiongozi hajibizani.

Jumatano, 11 Februari
Dawa imepatikana. Ratiba ya zamu, kama bombani. Watatu watatu, robo saa kila kundi, wazee kwanza. Baba mkubwa Muganyizi kapiga simu kuuliza itakuwaje zamu yake ikimkuta shambani. Nikamwambia abadilishane na mwenzake, kwa maandishi. Akasema tangu azaliwe hajawahi kuona jambo kama hili. Nimeshukuru kwa pongezi.

Alhamisi, 12 Februari
Shangazi Modesta kaingia saa mbili asubuhi na hatoki. Zamu yake iliisha saa mbili na robo. Ukoo mzima unagombea nafasi mbili! Nikaenda kwake Igoma kumtoa. Shikamoo, marahaba, chai, ndizi. Kumbe anaangalia video moja tu: marehemu mume wake akitoa nasaha harusini. Ikiisha, anairudia. Akaniambia hajaisikia sauti ile tangu wamzike, miaka sita sasa, akauliza kama ni lazima atoke. Nikamwambia akae. Ratiba imebadilika, zamu sasa ni za watu wawili wawili.

Jumamosi, 14 Februari
Uchaguzi, nyumbani kwa baba mkubwa. Nikasimama kwa kujiamini, nikawaomba watatu wa mbele wafungue tovuti. Hakuna kitu. Nikampigia Mama. Akaeleza taratibu kwamba aliikuta kompyuta inawaka bure na mwenyewe sipo, akaifunga, akaitandikia kitambaa cha kufuma isiingie vumbi. Nikamwomba aifunue na kuifungua. Ikadai neno la siri. Neno lenyewe ni KatibuOsward, na nikalitaja herufi kwa herufi mbele ya ukoo mzima.

Huku nyuma watu wamekwisha kugeuza viti. Nestory alikuwa amemhamishia Shangazi video yake kwenye simu, akae nayo siku zote. Niliwahesabu: watu tisa, simu moja, kwa wakati mmoja. Shangazi analia, anacheka, anawaonyesha. Nestory kura ishirini na sita, mimi mbili. Moja yangu. Ya pili Shangazi alinionyesha kabla hajaikunja.

Jumapili, 15 Februari
Nimetafakari kwa kina na kosa nimeliona. Kompyuta ilikuwa moja. Nikiongeza ya pili, toleo lilelile, wanaingia sita. Nikifikisha kumi na moja, ukoo wote unaingia na nafasi mbili zinabaki za wageni. Nestory alikuja kunipa pole, akasema video zote zinaweza kugawanywa kwenye simu za watu kwa siku moja. Nikamsikitikia. Mambo ya seva hayajui.

Mama ananiunga mkono. Ameniuliza upana wa kompyuta ya pili, na kitambaa chake ameshaanza kukifuma.